Ukuta Unaostahimili Chumvi: Maswali ya Wanaojenga Pwani

Anayejenga Dodoma na anayejenga Kigamboni wananunua saruji ileile, lakini kuta zao hazitazeeka sawa. Pwani kuna chumvi inayosafiri na upepo, mvua ya masika inayopiga ukuta ubavuni, na maji yanayopanda kutoka ardhini. Maswali haya huulizwa sana na wenye viwanja karibu na bahari.

Ni ukuta gani uliokwisha kuthibitika kudumu?

Kwa ushahidi wa miaka, ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani ni ya karne ya 14, na baadhi ya kuta zake zimesimama hadi leo bila paa. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593. Kuta hizi hazikudumu kwa sababu ni ngumu kuliko zege. Chokaa ni laini na hupitisha unyevu: maji yakiingia, hutoka tena kwa kukauka, na ukuta ukititia kidogo, chokaa hufuata bila kupasuka vibaya.

Hata hivyo kuta hizo zilitunzwa, zikapakwa chokaa tena na tena. Umri peke yake haulindi jengo. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafariki.

Nyumba yetu ya urithi ni ya mawe. Tumeipiga lipu ya saruji na sasa inabanduka. Fundi alikosea?

Huenda alipiga lipu vizuri kabisa, ila kwenye ukuta usio wake. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kirahisi. Ukuta wa matumbawe unavuta maji kutoka chini. Zamani yalikuwa yanatokea kwenye chokaa, sasa yamefungiwa. Yanapanda juu zaidi, yanalowesha vichwa vya boriti za mikoko vilivyozama ukutani, na boriti huoza pasipo mtu kuona. Lipu nayo ikibanduka huondoka na uso wa jiwe. Pigapiga ukuta kwa kifundo cha kidole: ukisikia mlio wa kitu chenye uwazi ndani, lipu imeshaachana na jiwe. Ibanduliwe taratibu, ukuta uachwe ukauke, kisha ipigwe ya chokaa. Ni kazi ya polepole na mafundi wake si wengi, lakini kuongeza saruji juu ya saruji ni kulipia tatizo lilelile mara mbili.

Tofali za saruji je?

Zikifyatuliwa kwa haki, zinadumu sana. Muulize muuzaji swali moja kabla ya bei: mfuko mmoja umetoa tofali ngapi? Kadiri idadi inavyopanda, ndivyo unavyonunua mchanga. Kwaruza pembe ya tofali kwa msumari. Ikimomonyoka kama sukari guru, liache hapohapo. Tofali pia linahitaji kumwagiliwa kwa wiki nzima angalau na kukaa kivulini, maana saruji hukomaa kwa maji, na nguvu yake kubwa huipata ndani ya siku 28. Tofali lililokaushwa juani siku mbili na kupakiwa kwenye lori bado ni changa.

Jambo la pili ni mchanga. Wa ufukweni hauna gharama ya usafiri, na ndiyo sababu unatumika. Una chumvi, na chumvi hiyo itafika kwenye nondo. Nondo ikipata kutu huvimba, nao uvimbe huo unapasua zege kutoka ndani. Ukiona ufa ulionyooka kando ya nguzo, wenye doa la hudhurungi, usiuzibe kwa rangi. Karibu na bahari nondo ifunikwe na zege la sentimita 4 hadi 5, si kuchungulia nje kama tunavyoona kwenye nguzo nyingi za baraza.

Kwa nini rangi inabanduka chini tu, kiasi cha kimo cha goti?

Maji yanapanda kutoka msingini na kubeba chumvi. Yakikauka, chumvi huganda chini ya rangi na kuisukuma. Ule unga mweupe unaobaki kidoleni ndio huo. Rangi mpya haitibu. Dawa ilikuwa kutandika nailoni nzito juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza. Kama boma limeshapandishwa bila nailoni, shusha udongo unaoegemea ukuta na uyaondoe maji ya mvua karibu na msingi.

Mabati na mbao?

Mabati ni mepesi na ya haraka. Kumbuka namba ya geji inakwenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Kutu huanzia kwenye tundu la msumari na mahali bati lilipokatwa. Mbao nzuri kama mvule huvumilia, mradi isigusane na ardhi, kwani mchwa hana haraka.

Nyumba ya udongo na fito ni ya kudharauliwa?

Hapana. Inachohitaji ni paa lililotokeza nje vya kutosha, msingi ulioinuka, na kukandikwa upya mvua zinapokwisha. Lipu ya saruji juu ya udongo ndiyo huiharibu: hupasuka, maji yakaingia nyuma yake, na udongo ukayeyuka usionekane.

Fedha ni kidogo. Nianze wapi?

Kabla ya vigae na mawe ya urembo, refusha paa. Kisha weka mifereji ya kukinga maji, na uyapeleke mbali na ukuta. Mawe ya urembo yakibandikwa kwenye ukuta mbichi, yataanza kudondoka moja moja, kwa kawaida yale ya chini kwanza.