NURU YA TAA NA USO WA MTU

Wanafunzi wenzangu, mpiga picha mwenye studio ndogo hana haja ya taa nyingi. Yampasa kuijua kanuni moja ya fizikia: nuru ya taa hupungua kwa mraba wa umbali. Uso ulio meta 1 kutoka kwenye taa ukisogezwa hadi meta 2, hupata robo tu ya nuru ile. Ukifika meta 3, hupata sehemu moja ya tisa.

Kanuni hii yatufaa nini? Mzee mwenye ngozi nyeusi, amevaa kanzu nyeupe, akisimama karibu na ukuta mweupe, kamera huupima weupe ule, ikadhani nuru imezidi, ikaipunguza. Uso hutoka giza, macho hayaonekani. Na huenda hiyo ndiyo picha pekee watakayobaki nayo wajukuu wake.

Basi, fanya hivi. Kwanza, mweke mzee meta 2 mbele ya ukuta. Pili, weka taa meta 1 mbele ya uso wake, upande mmoja, juu kidogo ya macho. Uso utang'aa, na ukuta utafifia. Tatu, tundika shuka nyeupe upande wenye kivuli, irudishe nuru shavuni. Nne, pima nuru ya usoni, wala si ya kanzu.

Ukiona uso bado una giza, usikimbilie kununua taa kubwa. Isogeze kwanza hiyo uliyo nayo.