Kinundu ngozini: Usikimbilie wembe

Mzee mmoja aliingia kliniki akichechemea. Chini ya unyayo wake palikuwa na uvimbe mweusi aliouita sugu. Kwa miezi mingi alikuwa akiukata kwa wembe, nao ukirudi mkubwa zaidi. Ulipopimwa, ulikuwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma.

Vinundu vingi havina madhara. Hata hivyo, jiulize maswali haya kabla ya kwenda kwa daktari.

Kwanza, kimeota wapi? Kinundu kigumu kinachowasha juu ya kovu, au pale sikio lilipotobolewa, huenda ni keloidi. Hii hutupata zaidi sisi watu weusi. Ikikatwa bila matibabu mengine, mara nyingi hurudi.

Pili, kikoje ukikigusa? Uvimbe mwororo chini ya ngozi, usiouma na unaosogea ukisukumwa, kwa kawaida ni wa mafuta. Chenye uso wa kukwaruza, hasa vidoleni, huenda ni chunjua, ambayo huletwa na virusi na huambukiza.

Tatu, afya yako ikoje? Vinundu vya rangi ya zambarau au hudhurungi miguuni au kinywani vyaweza kuwa saratani ya Kaposi, ambayo huwapata zaidi wenye virusi vya Ukimwi. Pima damu, kwani dawa za kukabili virusi hivyo ni sehemu ya tiba. Kwa mwenye ualbino, kidonda kisichopona usoni au masikioni kionwe na daktari upesi, maana jua humdhuru sana.

Wengi hudhani melanoma ni ugonjwa wa Wazungu. Kwetu hujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu.

Muone daktari bila kuchelewa iwapo kinundu kinakua haraka, kinabadilika rangi, kinatoka damu au hakiponi. Huenda akakata kipande kidogo kipelekwe maabara. Usiogope, kipimo hicho hakienezi saratani, kama wengine wanavyodai. Kinachodhuru ni wembe, asidi ya betri na kungoja. Na kila uvimbe unaotolewa, uliza kama utapimwa.

Leo jioni ukioga, geuza nyayo zako uzitazame.