Leseni ya Mtambo wa Umeme na Siku Zilizowekwa

Watu wengi huziona nguzo za umeme zikipita kando ya mashamba yao, au hulipia umeme katika nyumba za mjini, wala hawajui mtambo wa kufulia umeme hujengwa kwa amri gani, na ni nani aangaliaye kwamba utamalizika kwa wakati wake. Wengine hudhani kwamba mtu akiwa na fedha na kiwanja, yatosha. Sivyo. Mtambo mkubwa hufungwa kwa leseni na kwa tarehe, na tarehe zikivunjwa, mara nyingi alipaye hasara ni mtu yule yule awashaye taa. Kwa hiyo ni faida kwa kila raia kuyafahamu mambo haya.

NI NANI ATAKIWAYE KUWA NA LESENI?

Katika Kenya jambo hili huongozwa na Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Sheria hiyo yasema kwamba mtu au kampuni itakayo kufua umeme, kuusafirisha, kuugawa au kuuza, sharti ipate leseni kwanza. Mwenye kutoa leseni ni Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Lakini mtu afuaye umeme kwa matumizi yake mwenyewe, usiozidi megawati 1, hahitaji leseni hiyo. Megawati 1 ni sawa na kilowati 1,000, nayo yaweza kuwasha balbu 100,000 za wati 10 kila moja. Basi mkulima mwenye kioo kidogo cha jua juu ya paa lake asiwe na hofu. Sheria ya leseni haikuwekwa kwa ajili ya kumsumbua.

HATUA KABLA YA KUJENGA

Leseni ya kufua umeme haitoshi peke yake. Kwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, mwenye kutaka kujenga mtambo mkubwa hana budi kuchunguza kwanza madhara yatakayoipata ardhi, maji, hewa na watu, kisha apate leseni ya mazingira. Wakati wa uchunguzi huo wananchi wa mahali pale hupaswa kuelezwa habari zote na kusikilizwa. Asiyeridhika na leseni iliyotolewa aweza kukata rufani katika Baraza la Kitaifa la Mazingira, lililo mfano wa mahakama, kabla siku 60 hazijapita.

Isidhaniwe kwamba kusikiliza wananchi ni desturi tu ya adabu. Huko Lamu ilikusudiwa kujengwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitolewa mwaka 2016, na baadhi ya wenyeji wakaipinga. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza hilo liliifuta leseni, likasema kwamba wananchi hawakushirikishwa kama ilivyopasa. Katika Kinangop nako, mradi wa umeme wa upepo wa megawati 60 hivi uliachwa mwanzoni mwa mwaka 2016 kwa sababu ya ugomvi na wenyeji juu ya ardhi. Aliyedhani ataokoa miezi michache kwa kuruka hatua hii alipoteza miaka.

KWA NINI TAREHE HUWEKWA?

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kampuni imekwisha pata leseni, kwa nini isijenge pole pole kwa kadiri ya uwezo wake? Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni kuzuia watu kukalia mali ya wote. Mto wenye maporomoko, au bonde lenye upepo mkali, si kitu cha kupatikana kila mahali. Mtu mmoja akipewa leseni ya mahali pale, mwingine huzuiwa. Akikaa na karatasi yake kabatini bila kujenga, watu hukosa umeme, na mwenye uwezo hukosa nafasi. Marekani iliona hatari hiyo zamani. Sheria yao ya mwaka 1920 juu ya nguvu za maji ilisema kwamba mwenye leseni sharti aanze kujenga katika muda usiozidi miaka 2 tangu tarehe ya leseni, na asipoanza, leseni huondolewa. Aliweza kuongezewa muda mara moja tu, miaka mingine 2. Baadaye ilionekana kwamba kazi nyingine huchelewa kwa haki, na mwaka 2018 sheria ikabadilishwa ili muda uweze kuongezwa hadi miaka 8. Hata hivyo tarehe haikuondolewa, ilisogezwa tu.

Sababu ya pili ni kwamba umeme si kama mahindi. Mahindi yakikosa mnunuzi leo huwekwa ghalani mpaka mwezi ujao. Umeme mwingi hauwekeki ghalani kwa urahisi. Hauna budi kutumiwa wakati ule ule unaofuliwa. Kwa hiyo mtambo na nyaya za kuuchukua umeme sharti vimalizike pamoja. Kiwanda cha chai kikimalizika ilhali barabara haijakatwa, majani huoza shambani, na mwenye kiwanda hudai ujira wake vile vile.

MFANO WA ZIWA TURKANA

Mfano ulio wazi kabisa ulionekana karibu na Loiyangalani, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana. Hapo kampuni moja ilisimamisha vinu vya upepo 365. Kila kinu chaweza kutoa kilowati 850, na vyote pamoja hufika megawati 310. Kampuni ilikuwa na mkataba wa miaka 20 wa kuliuzia umeme shirika la Kenya Power. Kazi ya kuvuta nyaya mpaka Suswa, safari ya karibu kilomita 430, ilikuwa juu ya Serikali.

Vinu vilikuwa tayari mwaka 2017. Nyaya hazikuwa tayari. Kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi ya nyaya ilifilisika, ikabidi wajenzi wengine watafutwe. Umeme wa kwanza uliingia katika nyaya za nchi mwezi wa Septemba 2018. Katika muda huo wote upepo ulivuma, vinu vikasimama bure. Lakini mkataba ulisema kwamba, nyaya zikichelewa, kampuni italipwa kwa umeme ambao ingaliufua. Kwa sababu hiyo Kenya ilidaiwa mabilioni ya shilingi kwa umeme usiowasha hata taa moja. Ahadi ni deni, na ahadi iliyoandikwa tarehe ni deni lenye siku ya kulipwa.

Yafaa ifahamike kwamba kifungu hicho hakikuwekwa kwa hila. Mwenye kukopesha fedha za mtambo hutaka kujua atalipwa na nani ikiwa kazi ya mtu mwingine imechelewa. Kosa si kuwa na tarehe. Kosa ni kuzifunga kazi mbili kwa tarehe moja bila kuhakikisha kwamba zote mbili zitaifikia.

YAFAA RAIA AFANYE NINI?

Kwanza, asome matangazo ya leseni yanapotolewa, au amwombe mwenye kujua kusoma amsomee. Ahudhurie mkutano uitishwao na aseme neno lake mapema, kwa maandishi, akitaja mahali, shamba, mto au kisima kitakachodhurika. Maneno ya "hatutaki" bila sababu hayana nguvu mbele ya Baraza, bali sababu moja iliyo wazi yaweza kubadili mpango mzima.

Pili, aulize maswali manne bila kuona haya: Kazi itaanza tarehe gani? Itakwisha lini? Nyaya zitakuwa tayari lini, na ni nani azijengaye? Tena, ikiwa upande mmoja utachelewa, ni nani atakayelipa?

Mwenye mradi mwema hataudhika kwa maswali hayo, kwa kuwa yeye mwenyewe ameulizwa hayo hayo na waliomkopesha. Akiyajibu wazi, wananchi watajua mapema mzigo utakuwa juu ya nani. Akishindwa kuyajibu, ni afadhali kazi ingoje kidogo kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, kuliko vinu kungoja nyaya na watu kulipia giza.