SOMO LA SISIMIZI WA MLIMANI: KUMTAZAMA MDUDU KABLA YA KUMPA JINA

Mwaka mmoja baba wa kijiji kimoja cha bonde la Ruzizi aliniita nione shamba lake la mahindi. Mchwa walikuwa wameanza kula mabua chini, na siku ile mstari wa wadudu weusi wakubwa ulikuwa unapita katikati ya shamba. Akaniuliza, "Moniteri, hawa nao tuwafanyeje?" Mimi sikuinama kutazama. Nilijibu kwamba ni siafu, wachomwe moto. Tukafuata njia yao mpaka kwenye shimo lao, tukarundika majani makavu, tukawasha.

Baada ya majuma machache mchwa walizidi, mabua mengi yakaanguka. Ndipo mzee mmoja aliponiambia kwamba wale hawakuwa siafu. Walikuwa sungusungu, na sungusungu hali kitu kingine ila mchwa. Sisemi kwamba moto wetu peke yake ulileta hasara ile. Lakini nilikuwa nimewaua walinzi wa shamba kwa sababu ya jina nililolitamka kabla ya kutazama. Yule baba hakunigombeza. Alinionyesha mabua tu, akanyamaza.

Basi, kama kosa hilo hufanyika bondeni kwa mdudu ambaye watoto wanamjua, juu mlimani litafanyika mara ngapi? Mtu akipanda kutoka ziwani, mahali palipo karibu meta 773 juu ya bahari, akipita Uvira na kwenda mpaka vilele vya Itombwe vilivyozidi meta 3,000, atakuta baridi, ukungu, na wadudu wengine. Huko sisimizi ni wa aina chache kuliko bondeni, nao hujificha: chini ya mawe yaliyopashwa joto na jua, ndani ya magogo yaliyooza, na katika majani yaliyoanguka. Jina hili la sisimizi nalitumia hapa kwa jamii yao yote, wakubwa na wadogo.

Kwanza yafaa kumtenga sisimizi na mchwa, maana watu wengi huwachanganya, hasa wakati wa kumbikumbi. Tazama kiuno. Mchwa hana kiuno. Mwili wake umeungana kama punje ya mchele. Sisimizi ana kiuno chembamba sana. Tazama papasi, yaani vile vipembe viwili vya kugusia vilivyo kichwani. Za mchwa zimenyooka kama uzi wa shanga. Za sisimizi dume usizijali, lakini za sisimizi mfanyakazi zimepinda kama kiwiko cha mkono. Mwenye mabawa naye hutambulika: mabawa manne ya kumbikumbi yana urefu mmoja, na ya sisimizi ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma.

Ukishajua kwamba ni sisimizi, rudi tena kwenye kiuno, kwa kuwa hapo ndipo penye habari nyingi. Katika kiuno mna kifundo kimoja au viwili. Kioo cha kukuza kitakusaidia, lakini mtoto mwenye macho mazuri ataviona vifundo hata bila kioo, akimweka mdudu juu ya karatasi nyeupe. Siafu ana kifundo kimoja, wafanyakazi wake ni wa ukubwa mbalimbali katika msafara mmoja, nao hawana macho kabisa. Sungusungu ana kifundo kimoja pia, lakini ana macho, na ukiusumbua msafara wake utasikia sauti kama ya kukwaruza. (Mwaka 2017 Erik Frank na wenzake walitangaza kwamba huko Côte d'Ivoire sungusungu huwabeba majeruhi wao na kuwarudisha nyumbani baada ya vita na mchwa. Tangu nisome habari hiyo nimezidi kuona haya kwa ajili ya moto wetu.) Majimoto, anayeshona majani ya mti kuwa nyumba, ana kifundo kimoja naye hana mwiba, huuma kwa meno na kutia maji makali. Yuko pia sisimizi mdogo wa vifundo viwili, mwenye watu wa namna mbili katika nyumba moja: wafanyakazi wadogo, na askari wenye vichwa vikubwa kupita kiasi. Huyu mshike vizuri moyoni, nitarudi kwake.

Sasa habari za mgeni wa mlimani. Katika Kenya ya magharibi uko msitu wa Kakamega, katika nchi ya juu, kiasi cha meta 1,500 na zaidi. Msitu huo ni ndugu wa misitu yetu. Wenye elimu ya miti husema ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha jamii ya msitu mkubwa wa Kongo. Katika majani yaliyooza ya msitu huo alipatikana sisimizi mdogo, wa milimita chache tu, ambaye hakuwa na jina. Yeye ni wa ukoo wa siafu, lakini haendi kwa majeshi makubwa barabarani. Mwili wake ni mrefu na mwembamba, na alama yake kubwa iko tumboni: pingili za tumbo zimebanwa moja moja, kama mtu aliyefunga kamba mara kadhaa kwenye mfuko wa unga. Mwaka 2017 Francisco Hita Garcia na wenzake walimwandika kwa jina la Zasphinctus obamai, kwa heshima ya Barack Obama, ambaye ukoo wa baba yake unatoka Kenya ya magharibi. Walimpiga picha kwa mashine inayoona ndani ya mwili, wakamlinganisha na ndugu zake wa Kameruni na wa Msumbiji, ambao nao walipewa majina mwaka huo huo. Chakula chake, kwa maoni yao, ni sisimizi wengine.

Huenda mtu akasema, "Mdudu mdogo hivyo, asiyekula mihogo yangu, jina lake lanifaa nini?" Neno hilo nimelisikia mara nyingi, hata kwa vijana wanaorudi kutoka migodi ya Kamituga na Misisi, nao si wajinga. Nitawajibu kwa habari ya kahawa.

Katika miaka ya 1920 wadudu weupe wenye unga kama pamba waliiharibu kahawa ya milima ya Kenya. Walikunywa maji ya matawi, na wale sisimizi wa vichwa vikubwa niliowataja waliwachunga kama ng'ombe, wakilamba utamu wanaoutoa na kuwafukuza adui zao. Wakulima walipaka mashina mafuta ya kunata ili sisimizi wasipande. Hiyo ilisaidia, lakini haikumaliza. Wakatafuta wadudu wa kula wale weupe, wakaleta kutoka nchi nyingi za mbali, nao wakashindwa. Kwa nini? Kwa sababu jina lilikuwa la uongo. Walidhani mdudu yule ni wa aina ya nchi nyingine, wakaenda kutafuta adui zake huko. Mwaka 1935 Le Pelley alimtazama upya, akaonyesha kwamba ni aina peke yake, isiyokuwa na jina, akaiita kenyae. Ndipo wakamtafuta karibu, wakamkuta Uganda, na huko wakakuta nyigu wadogo sana wanaotaga mayai ndani ya mwili wake. Mwaka 1938 nyigu hao wakaletwa Kenya, na wale weupe wakapungua sana. Hesabuni miaka iliyopotea kwa jina moja.

Kwa upande wetu kazi iko. W. M. Wheeler wa Marekani aliandika mwaka 1922 kitabu kikubwa cha sisimizi wa Kongo, akitumia hasa wadudu waliokusanywa na Lang na Chapin kati ya 1909 na 1915. Lakini hao walitembea zaidi kaskazini, si katika milima hii ya Uvira na Itombwe.

Mkitaka kutafuta, chukueni chekecheke la unga na kitambaa cheupe. Chotoeni majani yaliyooza chini ya miti, myapepete juu ya kitambaa, kisha mngoje kimya. Sisimizi wa namna hii hujifanya wamekufa kabla ya kuanza kutembea. Msiwaponde kwa vidole. Walowesheni unyoya au kijiti na kanyanga, muwaguse, watashikamana, muwatie katika chupa ndogo yenye kanyanga kali. Watu wa nyumba moja wakae chupa moja, na wenye vichwa vikubwa pamoja na wenye vichwa vidogo, wasichanganywe na wa nyumba nyingine. Mimi nilipoteza chupa nzuri sita kwa kuandika karatasi kwa wino: kanyanga iliufuta wote. Andikeni kwa penseli, na karatasi ikae ndani ya chupa, si nje. Kisha mpeni moniteri wenu aipeleke Lwiro, kwenye kituo cha elimu ya viumbe.

Karatasi iandikwe hivi: jina la kijiji na la mlima; urefu wa mahali, kama mnaujua; siku, mwezi na mwaka; alikuwa chini ya jiwe, katika gogo au juu ya kahawa; alikuwa anafanya nini; na jina ambalo wazee wanamwita kwa Kifuliru, Kivira au Kibembe. Kama wazee hawana jina lake, andikeni hivyo hivyo: hana jina.