SUNGURA WA SOKONI: TUMKAGUE VIPI, NA TUSEME NINI NA MUUZAJI



Katika somo la mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana dogo, yaani sungura anayeuzwa sokoni, mnadani au kando ya barabara. Familia nyingi za Dodoma mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa na kwingineko katika nyanda zetu hununua sungura. Wengine humtaka kwa kitoweo, wengine kwa mradi mdogo wa kupata fedha za madaftari. Wengine humnunua kwa sababu watoto wamesikia hadithi za Sungura na Fisi na sasa wanamlilia sungura wao wenyewe. Sungura hahitaji malisho mapana, na mimba yake ni ya siku 30 hadi 32 tu. Katika nchi kame kama yetu hizo ni faida kubwa.

Tatizo ni kwamba sungura wengi hufika nyumbani wakiwa wagonjwa tayari. Walikuwa wamebanana ndani ya tenga au kizimba cha waya, juani, bila maji. Baada ya siku chache mnyama hufa na fedha hupotea. Mara nyingine mtoto aliyembeba hubaki na mapunye kichwani. Kwa hiyo mateso ya mnyama na afya ya nyumba zetu vinakwenda pamoja. Tukiona sungura anateseka mikononi mwa muuzaji, tufanyeje? Tupite kimya? Tugombane naye? Au tumnunue kwa huruma?

1. SUNGURA ANAHITAJI NINI

Kabla ya kumwambia mtu kwamba anakosea, yafaa sisi wenyewe tujue lililo sahihi.

Maji. Wengi huamini kwamba sungura hanywi maji, au kwamba akinywa ataharisha. Si kweli. Sungura wa kilo 2 huhitaji kama robo lita kwa siku, na wakati wa joto zaidi ya hapo. Jike anayenyonyesha huhitaji mara kadhaa ya kiasi hicho. Kinachomharisha ni maji machafu, chakula kibovu na vijidudu vya kinyesi.

Kivuli. Sungura hatoi jasho kama sisi. Joto la mwili wake hutokea zaidi masikioni. Hewa ikizidi nyuzi 30 huanza kuelemewa, na hapa kwetu miezi ya Oktoba na Novemba hufika huko. Kizimba kilichoezekwa bati, kikawekwa juani saa sita mchana, chaweza kumwua.

Nyasi. Meno ya sungura huota maisha yake yote. Asipotafuna nyasi ngumu kutwa nzima, meno hurefuka hadi akashindwa kula. Sehemu kubwa ya chakula chake iwe nyasi kavu safi. Majani ya karanga yaliyokaushwa vizuri bila ukungu nayo yanafaa. Majani machanga ya mtama yasitolewe, hasa yale yanayochipua upya baada ya ukame, kwa kuwa yana sumu.

Pumba isiyo na ukungu. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika nafaka. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi kwa sumu hiyo. Mahindi yaliyokataliwa na watu kwa sababu ya ukungu yasigeuzwe chakula cha sungura.

Kukaa na mama. Mtoto wa sungura asitengwe na mama yake kabla ya wiki 6. Wale wadogo kabisa wanaopendwa na watoto sokoni, wanaoenea kiganjani, mara nyingi wametolewa mapema mno na hawaishi.

2. UKAGUZI WA DAKIKA TANO

Usikimbilie kulipa. Simama, mtazame akiwa bado kizimbani, kisha mkague hivi:

(a) Macho yawe angavu, bila tongo.
(b) Pua iwe kavu. Akipiga chafya, na manyoya ya miguu ya mbele yameganda kwa sababu ya kujifuta kamasi, ana ugonjwa wa njia ya hewa unaoambukiza wenzake.
(c) Ndani ya masikio pawe safi. Magamba mazito ya rangi ya kahawia ni dalili ya utitiri, na humwasha mno.
(d) Manyoya yasiwe na mabaka yaliyonyonyoka wala ukurutu puani na miguuni.
(e) Sehemu ya nyuma iwe kavu. Kinyesi cha kawaida ni vidonge vikavu vya mviringo. Tumbo lililojaa na kuhara kwa sungura wachanga mara nyingi huletwa na vijidudu vya koksidia, vinavyoenea pale wanapokula juu ya kinyesi chao.
(f) Nyayo zisiwe na vidonda. Sakafu ya waya mtupu huzichubua.
(g) Ajisogeze mwenyewe. Sungura aliyejikunyata pembeni bila kula ni mgonjwa. Asiyekula kwa muda wa saa 12 yuko hatarini.

Mwangalie na muuzaji anavyomshika. Wapo wanaomnyanyua kwa masikio wakidhani ndiyo mpini wake. Njia sahihi ni kuweka mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, akiegemea mwili wako. Sungura anayening'inia hurusha miguu kwa nguvu, na aweza kuvunjika uti wa mgongo kwa teke lake mwenyewe.

3. HATARI KWA FAMILIA

Sungura mwenye afya, katika banda safi, si mnyama wa kuogopa. Lakini mgonjwa aweza kutuletea haya:

Mapunye na choa. Ni ukungu wa ngozi unaopita kutoka manyoya hadi ngozi ya mtoto. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa mafuta ya kupaka peke yake. Huhitaji vidonge kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mpelekeni mtoto zahanati.

Muwasho. Utitiri wa upele wa sungura waweza kuwasha mikono na tumbo la aliyembeba. Kwa binadamu hauzaliani. Mnyama akitibiwa, muwasho nao huisha.

Kuhara. Baadhi ya vijidudu vya kinyesi huingia mdomoni kwa mikono isiyonawiwa. Kila anayemgusa sungura anawe kwa sabuni kabla ya kula.

Jeraha la kucha au meno. Lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati. Ni nadra sana sungura kuambukiza kichaa cha mbwa, lakini jeraha huweza kuoza, na aliyejeruhiwa huenda akahitaji chanjo ya pepopunda.

Sungura aliyekufa mwenyewe asiliwe. Azikwe mbali na kisima.

4. TUSEME VIPI NA MUUZAJI

Hapa ndipo penye ugumu. Muuzaji naye ni mtu mwenye familia. Mara nyingi hakufundishwa na yeyote. Alinunua sungura kijijini, akawabeba kwa baiskeli au basi, akakaa nao juani kama yeye mwenyewe anavyokaa. Ukimwaibisha mbele ya wateja atajitetea, na sungura watabaki walivyo. Lakini tukinyamaza kwa kuogopa kuonekana wasumbufu, tutakuwa tumekubali. Wazee walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na hapo sokoni hakuna mnyonge kumshinda sungura.

Tunashauri hatua hizi:

Kwanza, salimu. Chagua wakati ambao hana wateja wengi.

Pili, uliza kabla ya kushutumu. "Wamekunywa maji leo?" ni bora kuliko "Unawatesa."

Tatu, taja jambo moja au mawili uliyoyaona kwa macho, usitoe hukumu juu ya moyo wake.

Nne, mwonyeshe faida yake. Sungura asiyekufa ndiye anayemletea fedha, na mteja aliyepata sungura mzima hurudi.

Tano, toa njia isiyo na gharama kubwa: gunia la kivuli, kopo zito la maji lisilopinduka, nyasi kavu sakafuni, mgonjwa kutengwa na wazima.

Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu. Karibu, sungura wazuri hawa."
"Asante baba. Naona yule wa pembeni anahema sana. Wamekunywa maji leo?"
"Aa, sungura hanywi maji mama. Akinywa anaharisha."
"Hata mimi nilisikia hivyo wanaposema watu. Lakini wataalamu wa mifugo wanatufundisha kwamba hunywa, mradi maji yawe safi. Hebu tujaribu na huyo."
"Haya, kopo lile pale."
"Umeona baba anavyokunywa? Alikuwa na kiu. Na huyu mwenye magamba masikioni, ukimweka peke yake hatawaambukiza wenzake. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza dawa."
"Na gharama je?"
"Dawa yaweza kuwa na gharama, lakini wakiambukizwa wote hutauza hata mmoja. Juma lijalo nitapita tena. Nikiwakuta wana kivuli na maji nitanunua wawili, na majirani nitawaambia."

Angalieni kwamba mama huyu hakudanganya wala hakutukana. Ameahidi kurudi, na ahadi hiyo ndiyo yenye nguvu. Muuzaji anayejua kwamba wateja wanatazama hubadilika upesi kuliko aliyefokewa mara moja na mpita njia.

Na kumnunua kwa huruma je? Tunaelewa moyo huo, hasa mtoto anapolia. Lakini fedha unayolipa kwa sungura mgonjwa humwambia muuzaji kwamba wagonjwa wanauzika. Kesho nafasi yake itajazwa na mwingine wa namna hiyo hiyo, na wewe umepeleka ugonjwa nyumbani. Ni afadhali kumwambia mtoto ukweli, kumwombea mnyama maji na kivuli, na kutoa taarifa.

5. ASIPOSIKIA

Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Sheria hiyo inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia, na inamhusu anayemfuga, anayemsafirisha na anayemwuza. Msingi wake unafahamika duniani kama uhuru wa aina tano: kutokuwa na njaa na kiu, kutokuwa na adha ya mahali pabaya, kutokuwa na maumivu, majeraha na maradhi, kuweza kuishi kwa tabia yake ya asili, na kutokuwa na hofu na mfadhaiko.

Kwa hiyo, ukisema mara mbili bila mabadiliko, nenda kwa afisa mifugo wa kata. Usipomjua, uliza ofisi ya mtendaji wa kata au uongozi wa soko. Eleza siku, saa, mahali, idadi ya wanyama na ulichokiona. Usiongeze chumvi. Yasipotendeka, panda hadi idara ya mifugo ya halmashauri yako. Usivunje kizimba wala kukusanya watu wa kumzomea muuzaji. Hilo ni kosa jingine, na halimponyi sungura.

6. MKISHAMNUNUA

Mtengeni na sungura wengine kwa siku 14. Mpeni chakula alichozoea, mkibadilisha kidogo kidogo. Banda liwe la kivuli, na kinyesi kiondolewe kila siku. Mkimwona akila vinyesi laini vinavyotoka moja kwa moja mwilini mwake msishtuke. Ndivyo anavyopata vitamini zake.

Neno moja tunalisisitiza sana. Msimpe sungura kapsuli za amoksisilini au ampisilini zilizobaki nyumbani. Dawa hizo zikipita mdomoni mwake huua vijidudu vyema vya tumbo lake, naye huharisha na kufa. Mwenye kumpa humwua akidhani anamtibu. Tena, dawa zilizobaki nyumbani hazifai kugawiwa ovyo, kwa watu wala kwa wanyama, kwa kuwa huzaa usugu wa vijidudu. Sungura akiugua, mwiteni mtaalamu wa mifugo.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Katika soko letu la karibu, sungura na kuku wanauzwa katika hali gani? Wana maji na kivuli?
2. Ni nani kati yetu anayefahamiana na wauzaji, aweza kuzungumza nao kwa upole?
3. Afisa mifugo wa kata yetu ni nani, na anapatikana wapi?
4. Watoto wetu wanajua kumshika sungura na kunawa mikono baadaye? Wafundisheni leo, wakitumia mto wa kulalia badala ya sungura.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kopo moja la maji safi pale sokoni laweza kuokoa sungura, fedha ya mama aliyejibana kumnunua, na kichwa cha mtoto kisipate mapunye. Tunawatakia afya njema hadi mwezi ujao.