Kasiba Mpya ya Bunduki: Kuizoeza na Kuisafisha

Watu wengi hudhani kwamba bunduki huharibika kwa kupigwa. Sivyo. Kasiba njema hustahimili risasi maelfu kabla ya kuchakaa, lakini yaweza kuharibika katika majuma machache ikiwekwa na uchafu ndani yake. Basi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi ya kuitayarisha kasiba mpya na jinsi ya kuisafisha, pamoja na sababu ya kila tendo, maana mtu asiyejua sababu husahau upesi.

Jambo hili tulipata kuliona kwa macho yetu. Mzee mmoja, jumbe wa kijiji, alipata kibali akanunua bunduki mpya ya kulinda mahindi yake. Viasi alivyokuwa navyo vilikuwa vya zamani, vya namna ya askari. Jioni ile alipompiga nguruwe wa kwanza, alirudi nyumbani, akatia mafuta mengi ndani ya kasiba, akaiweka bunduki mahali pake. Masika yakapita. Alipotoa komeo na kutazama ndani aliona wekundu wa kutu, na baada ya kusugua akaona vishimo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Mwaka uliofuata nyati aliingia shambani. Mzee alimlenga vema kwa hatua themanini, lakini risasi ilikwenda kando ikampata tumboni. Nyati akaingia kichakani karibu na mto, na kwa siku mbili hapana mwanamke aliyethubutu kwenda kuteka maji. Mzee akatuuliza kwa huzuni, "Kosa langu ni lipi? Si nilitia mafuta?"

Kosa lake lilikuwa hili: alitia mafuta juu ya chumvi. Fataki za zamani zilitengenezwa kwa dawa ambayo ikiisha kuwaka huacha chumvi ndani ya kasiba. Chumvi hii huvuta unyevu wa hewa, na unyevu huleta kutu. Mafuta hayawezi kuyeyusha chumvi, bali huifunika tu. Kinachoyeyusha chumvi ni maji. Kwa sababu hii askari waliotumia bunduki za Lee-Enfield, wakiwamo wale wa King's African Rifles katika vita vya 1939–1945, walifundishwa kumimina maji ya moto ndani ya kasiba baada ya kupiga shabaha. Viasi vingi vinavyouzwa leo vina fataki zisizoacha chumvi, lakini viasi vya zamani vya kijeshi bado huonekana. Asiyejua namna ya viasi vyake na avihesabu kuwa vya chumvi. Maji hayana gharama.

Sasa na tuanze na kasiba iliyo mpya. Kwanza kabisa, hakikisha kwamba bunduki haina kiasi ndani, kisha toa komeo. Kasiba hutoka kiwandani ikiwa imepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu. Yapasa kuyafuta yote kwa vitambaa vikavu kabla ya kupiga hata risasi moja, kwa kuwa mafuta mengi huipoteza risasi, na yakiwa mazito sana huweza kuivimbisha kasiba. Kisha itazame kasiba kuelekea mwangani. Nyigu hupenda kujenga kwa udongo katika tundu lo lote. Nasi twajua kwamba udongo kidogo, au kitambaa kilichosahauliwa, chaweza kuipasua kasiba usoni pa mpigaji.

Pili, fahamu umbo la ndani. Ndani ya kasiba imechongwa mifuo inayozunguka kama kamba iliyosokotwa. Bunduki ya Lee-Enfield kwa kawaida ina mifuo mitano, nayo huzunguka mara moja katika kila inchi 10. Mifuo hii ndiyo inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Katika kasiba mpya, mahali risasi inapoanza kuingia katika mifuo, huenda zikabaki alama ndogo za chombo cha fundi. Alama hizo hukwangua shaba nyekundu iliyoifunika risasi, nayo shaba hushika katika feleji. Ikiachwa, risasi zinazofuata huongeza tabaka juu ya tabaka, na shabaha hupotea.

Hii ndiyo maana ya kuizoeza kasiba. Piga risasi moja, kisha safisha hata shaba itoke. Fanya hivyo mara tano. Kisha piga tatu, safisha. Fanya hivyo mara tatu. Kila mara iache kasiba ipoe. Mafundi wenyewe hawakubaliani katika neno hili: wengine huona ni lazima, wengine husema ni kupoteza risasi, na kasiba iliyopakwa kromiamu ndani haina haja nayo sana. Basi fuata karatasi ya kiwanda chako. Lakini risasi hizo kumi na nne hazipotei, maana mtu huzitumia papo hapo kulinganisha shabaha yake.

Tatu, jua kwamba kila uchafu una dawa yake. Chumvi hutolewa kwa maji yaliyochemka: mimina chupa moja au mbili kwa birika lenye mdomo mwembamba, toka upande wa nyuma, ukiangalia yasiingie katika mti wa bunduki. Moto wa maji husaidia kuikausha kasiba, lakini upitishe vitambaa vikavu hata hivyo. Masizi ya baruti hutolewa kwa mafuta ya kusafishia na brashi ya shaba. Shaba ya risasi hutolewa kwa dawa yenye amonia. Kitambaa kikitoka na rangi ya samawati, shaba ingalimo. Usitumie brashi ya shaba pamoja na dawa hii, maana itakula brashi na kukudanganya kwa rangi ile ile. Wala usiiache dawa ndani kupita muda ulioandikwa.

Nne, ingiza mdeki toka nyuma kuelekea mdomoni, kila inapowezekana. Mdomo wa kasiba ndio unaoiaga risasi. Ukichakaa upande mmoja, risasi huenda kombo. Mwenye kutumia kamba aivute sawasawa, maana kamba inayosugua ukingo siku zote hukata feleji kama kamba ya kisima ikatavyo jiwe.

Mwisho, paka mafuta membamba, kidogo tu, na uyafute kabla ya kupiga tena. Usiiweke bunduki katika ala ya ngozi, kwani ngozi hutunza unyevu. Iweke mahali pakavu palipofungwa kwa kufuli, kama sheria ipasavyo, na uitazame tena kila juma wakati wa masika.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kasiba iliyoliwa na kutu haijengeki tena. Hapana mafuta yawezayo kuvijaza vishimo vile. Yule mzee angaliimwagia birika moja la maji jioni ile ile, kina mama wangaliteka maji bila hofu.