Kusoma Albamu kwa Sikio: Roki ya Saikedeliki ya Miaka 1966 hadi 1968

Wengi wetu katika kitivo tunaijua miaka ya sitini ya Marekani na Uingereza kwa mambo matatu: maua, nywele ndefu na bangi. Si kosa la walimu. Kozi ya ustaarabu wa nchi zinazosema Kiingereza ina saa chache, na miaka kumi mizima inabanwa katika nusu ya somo moja. Lakini mwanafunzi wa lugha ana njia yake ya kukagua alichofupishiwa: kurudi kwenye matini. Kwa kipindi hiki matini zipo, na nyingi zimo katika santuri. Somo hili linapendekeza tuchukue albamu chache za roki za miaka 1966 hadi 1968, tuzisikilize nzima, toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, jinsi tunavyosoma diwani. Hoja yangu ni kwamba lebo iliyobandikwa juu ya kipindi hiki inasema furaha, huku albamu zake bora zikisema hofu, kifo, vita na utoto uliopotea.

Tuanze na majina, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Neno la Kiingereza tunalolitohoa hapa kuwa "saikedeliki" halikutungwa na mwanamuziki. Lilitungwa mwaka 1956 na Humphry Osmond, daktari wa magonjwa ya akili, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Canada, katika barua alizoandikiana na mwandishi Aldous Huxley. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya nafsi na jingine la kudhihirisha. Kwa hiyo ni kitu kinachodhihirisha nafsi. Tazama kwamba neno lenyewe haliahidi kuwa kitakachodhihirika kitapendeza. Jina la pili, "nguvu ya maua", linahusishwa na mshairi Allen Ginsberg. Mwaka 1965, huko California, aliwashauri waandamanaji waliopinga vita vya Vietnam wabebe maua mbele ya polisi na mbele ya wale waliokuja kuwapiga. Maua yalikuwa mbinu ya maandamano kabla hayajawa mtindo wa mavazi. Kilichosahaulika katika lebo ni kile ambacho maua yalielekezwa kwake: bunduki.

Sasa, kwa nini albamu na si wimbo mmoja mmoja? Kwa sababu katika miaka hiyo albamu ilibadilika maumbile. Mwaka 1963 Beatles walirekodi sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza kwa siku moja, tarehe 11 Februari. Miaka minne baadaye, kwa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band iliyotoka Juni 1967, walikaa studioni kwa miezi, toka mwisho wa 1966 hadi Aprili. Studio haikuwa tena chumba cha kuhifadhi kilichokwisha kutungwa. Ilikuwa kalamu yenyewe. Utepe wa sumaku ulikatwa, ukageuzwa ucheze kinyumenyume, ukaongezwa na kupunguzwa kasi. Na jalada la nyuma lilichapisha maneno ya nyimbo zote, jambo lisilokuwa la kawaida kwa muziki wa vijana wakati huo. Aliyeinunua alikuwa anaambiwa: hili ni la kusoma pia.

Mbegu ilikuwa imepandwa mwaka mmoja kabla, katika Revolver ya Agosti 1966. Wimbo wake wa mwisho, Tomorrow Never Knows, ndio uliorekodiwa wa kwanza. John Lennon aliutoa katika kitabu cha Timothy Leary na wenzake, nacho kilitegemea Kitabu cha Wafu cha Watibeti. Ngoma inarudia mpigo mmoja bila kuchoka, vipande vya utepe vinalia kama ndege, na sauti ya mwimbaji imepitishwa katika spika inayozunguka ili isikike kana kwamba inatoka mbali. Angalia asili yake: kitabu cha kumsindikiza maiti.

Hapa ndipo mwanafunzi wa fasihi anapojikuta nyumbani, maana kipindi hiki kimejaa mwingilianomatini. Bendi ya The Doors ilichukua jina kutoka kitabu cha Huxley cha 1954, naye Huxley alikuwa amelichukua kwa William Blake. Jefferson Airplane wa San Francisco waliweka katika Surrealistic Pillow (Februari 1967) wimbo White Rabbit, ambao Grace Slick aliutunga kutokana na hadithi za Alice za Lewis Carroll. Wimbo huo ni mfupi, chini ya dakika tatu, na hauna kiitikio. Unapanda tu, toka mnong'ono hadi ukelele, kwa mwendo wa bolero ya Kihispania, kisha unakatika. Wengi huusikia kama tangazo la dawa za kulevya. Mimi naona pia shtaka dhidi ya wazazi: nyinyi ndinyi mliotusomea hadithi za vidonge na uyoga kabla ya kulala, sasa mnashangaa nini?

Mfano wa pili una uchungu zaidi. Pink Floyd walirekodi albamu yao ya kwanza katika studio za EMI za Abbey Road, London, wakati Beatles wakimalizia Sgt. Pepper katika jengo hilohilo. Inaitwa The Piper at the Gates of Dawn, nayo ilitoka Agosti 1967. Jina hilo ni la sura ya saba ya The Wind in the Willows, kitabu cha watoto cha Kenneth Grahame cha 1908. Katika sura hiyo panya na fuko wanamtafuta mtoto wa fisi maji aliyepotea, na alfajiri wanaongozwa na sauti ya filimbi hadi kwa mungu anayewalinda wanyama. Mungu huyo anawapa zawadi ya mwisho, nayo ni kusahau, ili uzuri waliouona usiwaharibie maisha yao yaliyobaki. Syd Barrett, aliyetunga karibu nyimbo zote za albamu hiyo, aliijaza paka, mbilikimo, kinyago cha kutishia ndege na baiskeli. Ni kitalu cha mtoto. Lakini kati ya nyimbo hizo umekaa mmoja usio na maneno hata kidogo, wa karibu dakika kumi, kama mlango uliofunguka kwenye giza katikati ya chumba cha watoto. Ukiusikia peke yake ni kelele. Ukiusikia mahali pake, unaelewa utoto huu unazungukwa na nini. Kufikia Aprili 1968 Barrett hakuwa tena katika bendi. Akili yake ilikuwa imedhoofika, na dawa zilichangia. Aliishi hadi 2006, miaka yake mingi ya mwisho akiwa mbali na muziki.

Nitakaa zaidi kwa albamu ambayo naiona bora kuliko zote, ingawa haikuuzwa sana kwao: Forever Changes ya bendi Love, ya Los Angeles, iliyotoka Novemba 1967. Kiongozi wao Arthur Lee alikuwa Mmarekani mweusi aliyezaliwa Memphis mwaka 1945, na mpiga gitaa Johnny Echols vilevile alikuwa mweusi. Bendi za roki zenye weusi na weupe pamoja zilikuwa chache. Mwezi mmoja kabla ya albamu kutoka, huko San Francisco, vijana wenyewe walifanya mazishi ya kuigiza ya hipi, na jeneza likabebwa barabarani. Lee hakuhitaji kungoja mazishi hayo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na alieleza baadaye kwamba aliamini angekufa karibuni, na kwamba nyimbo hizi zingekuwa maneno yake ya mwisho.

Kwa sikio la juujuu ni muziki mtamu: magitaa yasiyo ya umeme, fidla, tarumbeta zenye ladha ya Meksiko. Utamu huo ndio mtego. Sikiliza The Red Telephone na utasikia mtu anayeutazama mji wake kana kwamba anatazama mazishi. Sikiliza mwisho wa The Good Humor Man, pale tarumbeta zinapoanza kukwama na kurudia, kama sindano iliyonasa katika mfuo wa santuri. Wimbo unaosifu asubuhi nzuri unaharibika mikononi mwako.

Lakini kwa msomaji wa ushairi wa Kiswahili kuna wimbo mmoja wa kufanyia kazi ya darasa. Una jina refu, Maybe the People Would Be the Times or Between Clark and Hilldale. Kila ubeti unapofikia neno la mwisho, lile ambalo kina kinalidai na msikilizaji amekwisha kulikisia, mwimbaji ananyamaza. Kisha neno lenyewe linaanza ubeti unaofuata. Aliyesoma bahari zetu atapaza sauti: hii ni pindu! Ni kweli, na si kweli. Katika pindu, maneno ya mwisho ya ubeti yanatamkwa, kisha yanarudiwa mwanzoni mwa ubeti wa pili, na mkufu unashikamana kwa pete mbili zilizoingiliana. Kwa Lee pete ya kwanza haipo. Neno linasemwa mara moja tu, upande wa pili wa kimya, na msikilizaji ndiye anayeshikilia mkufu kwa kukisia. Sidai kwamba Lee aliwahi kusikia pindu hata moja. Sina sababu ya kudai hivyo. Nasema tu kwamba sisi tuna jina la kitu kilicho jirani kabisa na hicho, kwa hiyo tunaweza kueleza kwa usahihi anachofanya, kuliko yule anayesema tu "wimbo huu una uchangamfu".

Zombies wa Uingereza nitawataja kwa haraka, ingawa wanastahili zaidi. Odessey and Oracle ya Aprili 1968 ina kosa la tahajia jaladani, na bendi ilikuwa imekwisha vunjika albamu ilipotoka. Inafunguka kwa wimbo wa kuchangamka ambao, ukifuata maneno, ni barua kwa mtu aliye gerezani. Wimbo wa pili unaazima jina la hadithi fupi ya William Faulkner, A Rose for Emily, kuhusu mwanamke anayezeeka peke yake. Upande wa pili wa santuri kuna askari wa 1914 anayetetemeka. Maua yapo, naam, yamechorwa kwenye jalada.

Kuhusu dawa, tusijifanye hazikuwepo, wala tusizipambe. Roky Erickson wa 13th Floor Elevators, bendi ya Texas iliyoweka neno saikedeliki katika jina la albamu yake tangu 1966, alikamatwa na bangi mwaka 1969, akajitetea kwa wazimu, akafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili hadi 1972. Sauti ya ajabu inayobwabwaja katika albamu ile si ya mashine. Ni mwenzake anayepuliza na kuimba ndani ya mtungi uliowekewa maikrofoni.

Na Afrika? Mpiga tarumbeta Hugh Masekela wa Afrika Kusini anasikika katika wimbo wa bendi The Byrds wa mwanzoni mwa 1967, ule unaokejeli utengenezaji wa nyota. Juni mwaka huohuo alipanda jukwaani Monterey, California, katika tamasha lilelile ambamo Jimi Hendrix alichoma gitaa lake. Miaka saba baadaye, Septemba 1974, ni Masekela huyohuyo, pamoja na Stewart Levine, aliyeandaa tamasha la muziki la Zaire 74 hapa kwetu Kinshasa. Na upande wa pili wa mpaka, katika Zambia ya miaka ya sabini, bendi kama WITCH na Amanaz zilichukua magitaa hayo yenye kukwaruza zikatengeneza roki yao. Hiyo inadai makala yake.

Neno la mwisho ni la matoleo, jambo ambalo wahakiki wa matini wanalijua vizuri. Revolver ya Uingereza ina nyimbo 14; ile ya Marekani ya 1966 ilikuwa na 11, na tatu zilizoondolewa zote ni za Lennon. Pink Floyd nao Marekani walipangwa upya, wimbo wa kwanza ukatupwa. Kwa hiyo kabla ya kutumia mega zako, hakikisha umepata mpangilio wa Uingereza, na zima kile kitufe cha simu kinachochanganya nyimbo. Anza na Forever Changes, usiku, kwa spika za masikioni, bila kazi nyingine mkononi. Ukipata nafasi, tafuta Sgt. Pepper ya mono na ya stereo, ulinganishe She's Leaving Home. Katika mono wimbo unakwenda kasi kidogo na sauti iko juu zaidi, na binti yule anayetoroka kwa wazazi wake anasikika mdogo kwa mwaka mmoja au miwili.